Kura 11,608 kwa 11,608: bakuli liliamua nini hasa Virginia?

Swali. "Hapa Virginia watu wa kampeni wakipita mlangoni hutuambia kwamba kura moja ina nguvu, kwa sababu uchaguzi wa bunge la jimbo wa mwaka 2017 uliamuliwa kwa kuchomoa jina kwenye bakuli. Jirani yangu anaongeza kwamba chama kilichobahatika kwenye bakuli kilikuwa kimeshindwa kwa kura za wananchi. Mimi nimepata uraia juzi juzi na nitapiga kura kwa mara ya kwanza. Hayo ni ya kweli? Na nichunge nini, kura yangu isije ikawa ndiyo inayobishaniwa mahakamani?"

Jibu. Ndugu msomaji, ni kweli jina lilichomolewa kwenye bakuli. Ilikuwa tarehe 4 Januari 2018, mjini Richmond, mbele ya kamera. Ila wanaosimulia kisa hiki hupenda kuanzia kwenye bakuli na kuishia hapo hapo, na hapo ndipo wanapokukosesha la maana. Kiti kile kilikuwa kimeshapita kwenye mikono mingi kabla ya kufika kwenye chombo cha udongo: mkono wa aliyechora mipaka, wa karani aliyeingiza anwani kwenye daftari, wa mpiga kura aliyeteleza na kalamu, na wa mahakimu watatu. Bakuli lilikuja mwisho.

Kwanza tuelewane maneno. Virginia nzima nitaiita jimbo, kama wanavyofanya watangazaji. Sehemu ndogo inayochagua mjumbe mmoja nitaiita eneo bunge, wasije wakapotea wale waliozoea kusema jimbo la Ubungo au jimbo la Kigamboni. Bunge la Virginia lina mabaraza mawili. Seneti ina viti 40 na Baraza la Wajumbe lina viti 100. Wajumbe huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, katika miaka ya witiri: 2017, 2019, 2021, 2023. Ndiyo maana uchaguzi huu hausikiki sana nje. Haugongani na ule wa rais, na wengi hudhani mwaka huo hakuna kitu.

Kabla ya tarehe 7 Novemba 2017, Republican walikuwa na viti 66 na Democratic 34. Hakuna aliyetarajia pengo hilo lizibike kwa siku moja. Lakini kulikuwa na dalili: maeneo bunge 17 yaliyoshikwa na Republican yalikuwa yamempa Hillary Clinton, mgombea urais wa Democratic, ushindi mwaka uliotangulia. Usiku huo Democratic wakanyakua viti 15, na Ralph Northam wa chama hicho hicho akashinda ugavana kwa tofauti ya karibu asilimia 9. Hesabu ya Baraza ikasimama ukingoni, Democratic 49 na Republican 51, huku viti kadhaa vikiwa vimeamuliwa kwa kura chache mno. Kiti kimoja tu kikihama, inakuwa 50 kwa 50.

Namba hiyo ya 50 ina uzito wake. Katika Seneti ya Virginia, kura zikifungana, naibu gavana huvunja mlingano. Katika Baraza la Wajumbe hakuna wa kuvunja. Spika hawezi kupatikana bila upande mmoja kulegea, na Spika ndiye anayepanga nani akae kamati gani na mswada uende kamati ipi. Mswada ukipelekwa kwenye kamati isiyoutaka, hufia huko huko bila kusikika. Mwaka 1998, nguvu zilipokaribiana hivyo, vyama vililazimika kugawana madaraka hadi kamati zikawa na wenyeviti wawili wawili. Kwa hiyo kilichogombewa mwishoni mwa 2017 kilikuwa zaidi ya kiti kimoja cha Newport News. Kilikuwa ufunguo wa kamati zote.

Kutoka kura 10 hadi 1 hadi sifuri

Eneo bunge la 94 la wakati ule lilikuwa Newport News, mji wa bandari na wa kuunda meli. Mjumbe aliyekuwepo, David Yancey wa Republican, alipambana na Shelly Simonds wa Democratic, aliyekuwa mjumbe wa bodi ya shule za mji huo. Hesabu ya kwanza ilimpa Yancey ushindi wa kura 10.

Virginia hairudii kuhesabu kura yenyewe. Aliyeshindwa ndiye anayeomba. Tofauti ikiwa asilimia 1 au chini yake ana haki ya kuomba, na ikiwa nusu asilimia au chini yake gharama hubebwa na serikali, si yeye. Maombi yana siku 10 tangu matokeo yathibitishwe rasmi. Kazi yenyewe husimamiwa na mahakama ya majaji watatu. Chini yao hukaa maofisa wa kuhesabu, wakipangwa wawili wawili, mmoja kutoka kila upande. Karatasi hupitishwa tena kwenye mashine, na mashine huagizwa itenge zile zisizosomeka sawasawa: zisizo na alama kwenye kiti kile, zenye alama mbili, na zilizoandikwa jina kwa mkono. Hizo zilizotengwa ndizo zinazokaguliwa kwa macho.

Hapo ndipo watu hushangaa: karatasi ni zile zile, kwa nini namba zibadilike? Sababu ni kwamba mashine huona wino tu, nia haioni. Mtu akizungushia jina duara badala ya kujaza kiduara, au akiweka vema pembeni, mashine hupita kama vile hakuandika kitu. Jicho la mtu huona wazi alimtaka nani, na sheria ya Virginia inaruhusu kura hiyo ihesabiwe ikiwa nia inaonekana. Kati ya kura elfu 23 na ushei, hazikosekani karatasi za namna hiyo. Ndivyo Simonds alivyotoka nyuma kwa kura 10 na kuwa mbele kwa kura 1 tarehe 19 Desemba: 11,608 kwa 11,607. Usiku ule magazeti yaliandika kwamba Baraza limefungana 50 kwa 50.

Halikudumu. Asubuhi yake mawakili wa Yancey waliingia mahakamani na barua ya ofisa mmoja wa kuhesabu, wa upande wa Republican. Alisema kuna karatasi moja aliyokubali iwekwe kando jana yake, na sasa anaona walikosea.

Karatasi hiyo nataka tuitazame kwa karibu, kwa sababu ndiyo kisa chote. Kwenye kiti cha eneo bunge la 94, viduara viwili vilikuwa vimejazwa, cha Simonds na cha Yancey. Kwa kawaida hiyo ni kura mbili kwa kiti kimoja, na haihesabiwi kwa yeyote. Lakini juu ya kiduara cha Simonds palikuwa na mstari mmoja wa mshazari, kana kwamba mwenye kalamu alitaka kukifuta. Panda juu ya karatasi hadi kwenye ugavana: Ed Gillespie wa Republican kajaziwa kiduara, na juu yake kuna alama ya X, bila mgombea mwingine kuwekewa alama. Kwenye naibu gavana na mwanasheria mkuu, wagombea wa Republican wamejaziwa bila mkwaruzo.

Sasa soma mwenyewe. Upande wa Yancey ulisema: mstari ni wa kufuta, na mtu huyu kawapigia Republican kila mahali, kwa hiyo nia yake ni Yancey. Upande wa Simonds ulijibu: ikiwa alama juu ya kiduara ni ya kufuta, basi kamfuta na Gillespie, na hoja ya kwamba kawapigia Republican wote inaanguka, na ikiwa si ya kufuta, viduara viwili vimebaki viwili. Walikuwa na hoja ya pili, ya utaratibu, ambayo kwangu ndiyo iliyokuwa nzito zaidi: karatasi ambayo pande zote mbili ziliikubali siku ya kuhesabu haifufuliwi kesho yake baada ya namba kujulikana. Majaji waliukubali usomaji wa kwanza. Kura ikaenda kwa Yancey, 11,608 kwa 11,608. Simonds aliwaomba wabadili uamuzi, wakakataa tarehe 3 Januari.

Mimi naona majaji walisoma nia ya mpiga kura kwa njia inayoweza kutetewa, ila mlango walioupitia haukustahili kufunguliwa. Hesabu ya marudio ina faida pale tu inapokuwa na mwisho unaojulikana kabla ya namba kutoka. Wapo wanasheria wasiokubaliana nami, na karatasi yenyewe haitasema.

Kura kwa maana yake ya zamani

Sheria ya Virginia haisemi uchaguzi urudiwe wakati wagombea wamefungana. Inasema Bodi ya Uchaguzi ya jimbo iamue hadharani kwa bahati nasibu. Waingereza wana maneno mawili tofauti kwa mambo hayo mawili. Sisi tunalo moja. Neno letu kura, lililotoka kwenye Kiarabu, ndilo hilo hilo la kuchomoa bahati. Msomaji wa Biblia anamkumbuka Mathiya, aliyeshika nafasi ya Yuda baada ya majina mawili kupigiwa kura, na hakuna aliyejaza karatasi siku ile. Kwa hiyo Mswahili angeweza kusema bila kukosea kwamba eneo bunge la 94 lilipigiwa kura mara mbili.

Shughuli ilipangwa tarehe 27 Desemba, ikaahirishwa kusubiri mahakama, ikafanyika tarehe 4 Januari. Majina mawili yalichapwa kwenye vipande vya karatasi, kila kimoja kikatiwa ndani ya kikopo cha filamu, vile vya plastiki vya kamera za zamani. Vikopo vikawekwa kwenye bakuli la rangi ya buluu lililofinyangwa na Steven Glass, mfinyanzi wa Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Virginia, likaazimwa kwa siku hiyo. Mwenyekiti wa bodi, James Alcorn, akachomoa kikopo kimoja, akakifungua, akasoma: David Yancey. Kikopo cha pili nacho kilifunguliwa, watu waone kwamba jina la Simonds lilikuwemo kweli. Simonds alikuwepo chumbani akitazama, Yancey hakuwepo.

Jambo ambalo halisimuliwi sana ni kwamba bakuli halikuwa mwisho kisheria. Aliyeshindwa kwa bahati nasibu angeweza kuomba kura zihesabiwe tena. Simonds alilifikiria, kisha tarehe 10 Januari akakubali matokeo. Siku hiyo hiyo Baraza lilianza kikao, na Kirk Cox wa Republican akawa Spika.

Karatasi zilizokwenda kwa jirani

Kwa mtu anayepiga kura mara ya kwanza, sehemu hii ina faida kuliko bakuli.

Eneo bunge la 28 la wakati ule lilikuwa Stafford na Fredericksburg. Bob Thomas wa Republican alimshinda Joshua Cole wa Democratic kwa kura 82, zikapungua hadi 73 baada ya kuhesabiwa upya. Baadaye ikagundulika kwamba wapiga kura 147 walipewa karatasi ya eneo bunge lisilo lao. Namba hiyo ni karibu mara mbili ya tofauti. Wademokrati waliomba mahakama ya shirikisho izuie Thomas asiapishwe na uchaguzi urudiwe, jaji akakataa, Thomas akaingia bungeni.

Hata Newport News kwenyewe, miezi minne baada ya bakuli, gazeti la Washington Post lilifichua kwamba wapiga kura 26 waliostahili kupiga katika eneo la 94 walikuwa wamewekwa kimakosa kwenye eneo la 93. Kituo chao kilikuwa cha watu wengi Weusi na kilielemea sana upande wa Democratic. Kura 26, mahali ambapo matokeo yalifungana. Wakati habari hiyo inatoka, muda wa kupinga ulishapita.

Kosa kama hilo hutokeaje? Mara nyingi hakuna mwizi. Mipaka ikichorwa upya, mstari huweza kupita katikati ya mtaa, au katikati ya kituo kimoja cha kupigia kura. Msajili wa mji hatumii ramani kumpangia mtu eneo bunge. Ana orodha ya anwani ndani ya kompyuta. Mtaa huu kuanzia nyumba namba hii hadi namba ile ni eneo hili, kuanzia hapo ni eneo lile, na pengine namba shufwa zimekwenda upande mmoja na witiri upande wa pili. Karani akikosea mstari mmoja wa orodha, mtaa mzima unahama bila mtu kubeba hata kiti. Siku ya kura ofisa anakuangalia kwenye daftari, anaona namba ya eneo bunge, anakupa karatasi inayolingana na namba hiyo. Hakuna anayeuliza, kwa sababu karatasi zote zinafanana isipokuwa majina mawili matatu. Na karatasi ikishaingia kwenye mashine haina jina lako, kwa hiyo haiwezekani kuirudisha uhesabiwe unakostahili.

Tukiwa hapo hapo eneo la 28: bahasha 55 za kura za posta zilifika ofisi ya Stafford siku moja baada ya uchaguzi. Sheria ya wakati ule ilitaka zifike kabla ya vituo kufungwa, kwa hiyo hazikufunguliwa. Peke yake zisingetosha kuziba pengo la kura 73, lakini uziweke pamoja na zile 147. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2020: bahasha yenye muhuri wa posta wa siku ya uchaguzi au kabla yake hukubaliwa ikifika hadi saa sita mchana ya siku ya tatu baadaye.

Je, walioshinda bakuli walishindwa kwa kura?

Jirani yako ana haki nusu. Ukijumlisha kura zote za Baraza la Wajumbe, Democratic walipata karibu asilimia 53, nao wakaishia na viti 49. Lakini jumla hiyo inadanganya kidogo. Democratic waliweka wagombea katika maeneo 88 kati ya 100. Republican waliacha maeneo mengi zaidi bila mgombea. Pasipo na mshindani, chama kilichopo hujikusanyia kura zote, na hizo huvimbisha jumla ya jimbo bila kuwa kipimo cha ushindani. Kipimo bora zaidi ni ule wa gavana, kwa sababu majina yalikuwa yale yale kila mahali, na huko nako Democratic waliongoza kwa asilimia 9 hivi.

Kwa hiyo pengo lipo hata baada ya kusafisha hesabu, na chanzo chake kikubwa ni ramani. Mipaka ya 2011 ya Baraza ilichorwa na Republican waliokuwa na wingi humo. Mbinu ni ya zamani: wapiga kura wa mpinzani unawasongamanisha kwenye maeneo machache ili washinde huko kwa asilimia 80, na waliobaki unawatawanya kidogo kidogo kwingine wasishinde. Juni 2018 mahakama ya shirikisho ilisema maeneo 11 ya ramani hiyo yalichorwa kwa kuwapanga wapiga kura Weusi kwa rangi yao, kinyume cha Katiba. Baraza likakata rufaa, na Juni 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 kwa 4, ikasema Baraza peke yake halina haki ya kuleta rufaa hiyo. Ramani mpya ikatumika Novemba 2019.

Tazama kilichofuata. Simonds na Yancey walikutana tena eneo la 94 na safari hii Simonds alishinda kwa tofauti kubwa, hakuna aliyehitaji bakuli. Cole alichukua eneo la 28. Democratic walipata viti 55, na Januari 2020 Eileen Filler-Corn akawa Spika wa kwanza mwanamke katika historia ya Baraza hilo. Gurudumu halikusimama hapo: 2021 Republican walirudi na viti 52, 2023 Democratic wakapata 51.

Na kuna jambo moja ambalo bakuli halikuweza kulizuia. Kwa miaka minne Republican wa Baraza walikuwa wamekataa kupanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Januari 2018 walirudi wakiwa na Spika wao na kamati zao, lakini wajumbe waliobaki walikuwa wameona wenzao 15 wakipoteza viti. Februari, 19 kati yao walijiunga na Wademokrati kuipitisha kwenye bajeti ya Baraza. Mwishoni mwa Mei bajeti ya mwisho ilipita kwa kura 67 kwa 31 katika Baraza na 23 kwa 17 katika Seneti, na Northam akaitia saini tarehe 7 Juni. Bima hiyo ilianza tarehe 1 Januari 2019, ikilenga watu wapatao 400,000. Thomas, yule wa eneo la 28, aliiunga mkono. Mwaka uliofuata akaangushwa kwenye mchujo wa chama chake mwenyewe. Anayepima uchaguzi kwa kuuliza tu nani kawa Spika hataliona hili.

Sasa wewe

Uraia wako uwe umekamilika kwa kiapo. Nalisema kwa sababu kwenye familia zetu hukaa pamoja mwenye uraia na mwenye grini kadi, na fomu ya usajili hutolewa hata kwenye ofisi ya leseni za udereva. Asiye raia akijiandikisha, hata kwa kutoelewa swali, anaweza kuharibu safari yake ya uhamiaji. Kila mmoja ajaze ya kwake, na asiyeelewa swali asitie tiki.

Wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, ingia kwenye tovuti ya Idara ya Uchaguzi ya Virginia, sehemu ya mpiga kura, uone jina lako, anwani, kituo na namba ya eneo bunge. Kisha tafuta ramani ya maeneo bunge uweke anwani yako humo, uone kama namba ni ile ile. Hiyo ndiyo hatua ambayo ingewaokoa wale 26. Zikitofautiana, mpigie msajili wa mji au kaunti yako mapema, si siku ya kura. Msajili pia hutoa mfano wa karatasi ya kura; jifunze majina ya wagombea wa Baraza wa eneo lako, maana hayo ndiyo utakayoyatafuta ukipewa karatasi halisi. Ukiona majina tofauti, usiweke alama yoyote. Rudi mezani, sema, wakague. Kabla ya karatasi kuingia kwenye mashine kosa linarekebishika.

Kujaza: kiduara kijae wino, ndani ya mstari. Usitie vema, usizungushie, usiandike maelezo. Ukikosea, usifute, usikwaruze, usipige mstari. Peleka karatasi kwa ofisa, mwambie imeharibika, akupe nyingine. Ni haki yako, na ya kwanza huwekwa kando isihesabiwe. Mashine ya kituoni ikikutolea onyo kwamba umechagua wawili kwa kiti kimoja, usibonyeze kukubali kwa kuona haya foleni iliyo nyuma yako. Ukikubali, kiti hicho kinahesabika kama hukupiga. Omba karatasi nyingine.

Usipende kusubiri siku ya mwisho. Tangu 2020 Virginia inaruhusu kupiga kura mapema, siku 45 kabla, bila kutoa sababu. Ukipiga kwa posta, tuma mapema na ukumbuke saini kwenye bahasha. Ukienda siku yenyewe, vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa moja jioni. Aliyeko kwenye foleni saa hiyo ikigonga ana haki ya kupiga.

Karatasi za Kiswahili hakuna. Lakini sheria ya shirikisho inamruhusu asiyeweza kusoma karatasi ile kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe: mtoto, jirani, mtu wa kanisani au msikitini, yeyote isipokuwa mwajiri wake, wakala wa mwajiri, au kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Kituoni mtajaza fomu fupi kabla ya kwenda kwenye meza ya kujazia. Kama ni mama yako unayempeleka, msomee majina yote ya kila kiti, hata ya wale usiowapenda, kisha kalamu iende anakotaka yeye.

Na kama jina lako halionekani kwenye daftari, usiondoke. Omba karatasi ya muda, ile inayotiwa kwenye bahasha na kuchunguzwa baadaye. Uliza kabla ya kutoka ni hati gani ulete. Kikomo chake ni saa sita mchana ya Ijumaa baada ya uchaguzi.